Kuchora fonti ya ZX Spectrum inayobeba Kiswahili, na kuigawa bure

Fonti yangu ya kwanza ya ZX Spectrum, ile kompyuta ya nyumbani ya zamani, niliipima kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, inayopendwa na wachora herufi kwa sababu ina herufi zao zote 26. Ikapendeza. Kisha nikaandika "Mwalimu wa mwaka wa mwisho", na skrini ikanipangia matofali. Kila m ndogo tofali, kila w tofali. Ndipo nilipohesabu: sentensi ya mbweha ina m moja na w moja. Hii yangu ina herufi 22, na tisa kati yake ni m na w.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale miongozo mingi inapoishia. Tutachora m na w kwanza, halafu k, halafu ile alama ndogo ya ng'. Zikikubali hizo, zilizobaki ni kazi ya jioni chache.

Kwa nini Spectrum? Kwa sababu fonti yake nzima ni baiti 768, na unaweza kuielewa yote bila kuacha kitu. Mashine hii ilitolewa na Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, mwaka 1982. Skrini yake ina pikseli (nukta za skrini) 256 kwa 192, yaani herufi 32 kwa mstari na mistari 24. Kila herufi inakaa kwenye kisanduku cha pikseli 8 kwa 8. Mstari mmoja wa kisanduku ni baiti moja, kisanduku kizima baiti nane, na herufi ziko 96, kuanzia namba 32 (nafasi tupu) hadi 127. Nane mara 96 ni 768. Basi.

Vifaa

Huhitaji mashine yenyewe. Pakua emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta yako; mimi natumia Fuse, ambayo ni ya bure na ni programu huria. Chagua mashine ya Spectrum 128 ili uandike amri herufi kwa herufi kama ulivyozoea. Ukichagua ile ya 48K, kila kitufe kinatoa neno zima (P inatoa PRINT), na utapoteza nusu saa ukitafuta vitufe. Ile ya 16K iache kabisa, kumbukumbu yake haifiki tunapokwenda.

Cha pili ni daftari la hesabu lenye vijisanduku, na penseli. Najua kuna programu za kuchorea fonti. Lakini kwenye karatasi mkono unakwenda polepole na jicho linapata muda wa kuona, na kwenye kisanduku cha 8 kwa 8 pikseli moja ni jambo zito.

Hatua ya kwanza: hamisha herufi kutoka ROM

Herufi za asili zimo ndani ya ROM, kumbukumbu ya kudumu ya mashine, kuanzia anwani 15616, na huwezi kuzigusa. Ila Spectrum haiendi huko moja kwa moja. Kabla ya kuchora herufi yoyote inauliza kwanza anwani iliyohifadhiwa kwenye 23606 na 23607, na thamani iliyomo ni anwani ya fonti ukitoa 256. Ukibadilisha namba hiyo, mashine inachukua herufi zake kwingine. Huo ndio mlango wetu.

Fonti yetu tutaiweka 64000. Nimeichagua anwani hiyo makusudi: 64000 ni 250 mara 256, kwa hiyo ukitoa 256 unapata 249 kamili, na inatosha kubadilisha baiti moja tu, ile ya 23607. Kurudisha herufi za zamani unaweka 60.

Andika hii:

10 CLEAR 63999
20 FOR i=0 TO 21: READ b: POKE 64800+i,b: NEXT i
30 RANDOMIZE USR 64800
40 POKE 23607,249
50 DATA 33,0,61,17,0,250,1,0,3
60 DATA 126,203,63,182,18,35,19,11,120,177,32,244,201

POKE inaweka namba kwenye anwani. CLEAR inaizuia BASIC (lugha ya programu ya Spectrum) isipande juu ya 63999 na kuikanyaga fonti. Zile namba 22 ni programu fupi ya lugha ya mashine ya Z80. Inachukua kila baiti ya herufi za ROM, inaisogeza hatua moja kulia, inaiunganisha na ile ya mwanzo, kisha inaiweka mahali petu. Matokeo yake ni herufi nene: kila mstari wima wa pikseli moja unakuwa wa pikseli mbili.

Unene huo si urembo. Spectrum ilikuwa ikiunganishwa kwenye televisheni ya nyumbani kwa waya wa antena, na mstari wima wa pikseli moja ulikuwa ukififia na kuingiwa na rangi. Commodore 64, mshindani wake wa mwaka huohuo, ilitoka kiwandani na herufi za mistari ya pikseli mbili. Michezo mingi ya Spectrum nayo ilikuja na herufi zake nene badala ya zile nyembamba za ROM.

RUN. Herufi zitanenepa mbele ya macho yako, na orodha ya programu nayo itanenepa, maana kila kinachoandikwa kwenye skrini kinapita mlango uleule. Ukikosea namba na skrini ikajaa takataka, usizime. Andika POKE 23607,60 hata kama huoni unachoandika, kisha bonyeza ENTER. Jambo lingine la kukutuliza: NEW inafuta programu yako ya BASIC lakini haigusi kilicho juu ya CLEAR, kwa hiyo fonti inabaki hai. Ukirudisha POKE 23607,249, inarudi.

Hatua ya pili: vunja matofali

Sasa andika PRINT "Mwalimu wa mwaka wa mwisho" uyaone. Sababu yake hii hapa. Mguu wa m ya ROM ni baiti 84. Tuisogeze hatua moja, inakuwa 42. Tuziunganishe:

. # . # . # . .   84
. . # . # . # .   42
. # # # # # # .   126

Miguu mitatu yenye uwazi wa pikseli moja kati yake; ukiinenepesha kwa pikseli moja, uwazi wote unajaa. Hesabu inakataa hata ukichora kwa mkono. Miguu mitatu ya pikseli mbili ni sita, na nafasi mbili kati yake zinafanya nane. Kisanduku kimejaa, hakuna pa kupumulia kati ya m na herufi ya jirani, na "mw" zitashikana kama pacha.

Dawa yake ni kuukondesha mguu wa kati peke yake. Mbili, moja, moja, moja, mbili: jumla saba. Inabaki safu moja tupu upande wa kushoto, na kushoto ndiko hasa tunakoitaka, kwa sababu karibu herufi zote za ROM zimeacha safu ya kwanza wazi na ukizinenepesha zinajazia kulia. Hii ndiyo sheria ya fonti hii: safu ya kwanza haikanyagwi. (Tutaivunja mara moja tu, na kwa sababu maalumu.)

m:
. . . . . . . .   0
. . . . . . . .   0
. # # # . # # .   118
. # # # # # # #   127
. # # . # . # #   107
. # # . # . # #   107
. # # . # . # #   107
. . . . . . . .   0

Mguu wa kati hauonekani mwembamba ukiwa mbali na skrini. Jicho linaujazia lenyewe. Bega la kushoto nimelifanya pana kuliko la kulia, maana nilipoyafanya sawasawa herufi ilifanana na chanuo.

w si m iliyogeuzwa kichwa chini, ingawa inashawishi. Ukiigeuza tu, "mwamwa" inakuwa meno ya msumeno. Mimi huanza na miguu miwili juu, mguu wa kati unachomoza mstari mmoja chini yake, na kitako nakipunguza pembe:

w:
. . . . . . . .   0
. . . . . . . .   0
. # # . . . # #   99
. # # . # . # #   107
. # # . # . # #   107
. # # # # # # #   127
. . # # . # # .   54
. . . . . . . .   0

Na k? Ile ya ROM ikinenepeshwa inafunga kona yake, inakuwa kama kisiki chenye jicho. Hiyo nitakupa namba tu: 0, 96, 102, 108, 120, 108, 102, 0.

Anwani ya herufi yoyote ni 64000 + 8 × (namba yake − 32). Ya m ni 109, kwa hiyo 64616. Ya w ni 119, yaani 64696. Ya k ni 64600.

Hatua ya tatu: ng'

Kwenye fonti ya upana sawa, alama ya ng' inapewa kisanduku kizima kama herufi kamili, nayo inakaa katikati yake. Ng'ombe anakatika vipande viwili: "ng", pengo, alama, pengo, "ombe". Kiingereza nacho kina alama hii, lakini huitumia hapa na pale. Sisi tunayo kwenye ng'ambo, kung'aa, mang'amung'amu, na karibu kila mara iko mgongoni mwa g.

Hapa ndipo navunja sheria ya safu ya kwanza. Kwa kuwa g ndogo haina kitu kwenye mistari miwili ya juu, alama inaweza kusukumwa hadi ukingo wa kushoto wa kisanduku chake bila kugongana na chochote: 96, 192, kisha sufuri sita. Anwani yake ni 64056. Pengo la mbele bado lipo, ila angalau alama imemshika mwenyewe.

Ongeza hii chini ya programu yako, u-RUN tena:

70 FOR n=1 TO 4: READ a
80 FOR i=0 TO 7: READ b: POKE a+i,b: NEXT i: NEXT n
90 DATA 64616,0,0,118,127,107,107,107,0
100 DATA 64696,0,0,99,107,107,127,54,0
110 DATA 64600,0,96,102,108,120,108,102,0
120 DATA 64056,96,192,0,0,0,0,0,0

Ipime kwa "Ng'ombe wanang'ang'ania ng'ambo". Ni nafasi 31, inaingia mstari mmoja na kubakiza moja.

Kuna njia ya pili kwa anayeandika mchezo wake mwenyewe. Spectrum inakupa herufi za ziada unazozichora utakavyo. Chora g na alama yake ndani ya kisanduku kimoja, tumbo la g likishuka mstari mmoja ili kuipisha alama: 3, 6, 0, 62, 102, 62, 6, 60. Ziingize kwa POKE USR "g"+i. Neno "ng'ombe" linafupika kutoka nafasi saba hadi sita na linasomeka vizuri ajabu. Lakini usiitie kwenye fonti unayoigawa ukiitegemea, maana maandishi yatakayoandikwa hivyo yataharibika kwa yeyote asiye na fonti yako.

Hatua ya nne: chora zote, kwa dhati

Ulichonacho sasa ni zoezi. Herufi 92 kati ya 96 bado ni za ROM zilizonenepeshwa, na za ROM zina mwenyewe. Amstrad ilinunua kompyuta za Sinclair mwaka 1986, na baadaye iliruhusu ROM zisambazwe pamoja na emuleta. Ruhusa ya kusambaza ROM si ruhusa ya kuchukua herufi zake ukaziita zako. Ukitaka kuandika jina lako, rudi kwenye daftari uchore zote upya.

Anza na a, kwa sababu Kiswahili kinaijaza kila ukurasa. A mbaya inaonekana kabla hujamaliza sentensi. Kisha i, n, u. Zinazofuata ni herufi zenye mikia: g, j, p, y. Herufi zinakalia mstari wa saba kutoka juu, na chini yake umebaki mstari mmoja tu. Mkia wa pikseli moja hauonekani. Wachora wa zamani walikuwa wakiliminya tumbo la g lipande juu ili mkia upate mistari miwili, na mimi sijaona njia bora zaidi. Q na x zichore mwisho, ila zichore. Mtu ataandika jina la mgeni.

Kila ukimaliza herufi tano, zitazame ndani ya maneno, si zikiwa peke yake. Fuse ina kichujio cha kuiga televisheni ya PAL: kiwashe, rudi nyuma hatua tatu, usome.

Hatua ya tano: toa faili

Kwenye BASIC andika SAVE "herufi" CODE 64000,768 kisha, kwenye menyu ya kaseti ya emuleta, liandike kama faili la TAP, yaani nakala ya kaseti. Likiwa na fonti peke yake litakuwa na baiti 793: zako 768, na nyingine 25 za kichwa cha kaseti na hesabu za ukaguzi. Watengenezaji wengi wa michezo hawataki kaseti, wanataka zile 768 tupu. Kwenye Linux:

tail -c 769 herufi.tap | head -c 768 > herufi.ch8

Wasomaji wako wengi lakini hawana emuleta. Wanataka fonti ya kompyuta ya leo. Njia nyepesi ni kupitia BDF, faili la maandishi ya kawaida ambamo kila herufi inaandikwa hivi:

STARTCHAR m
ENCODING 109
SWIDTH 1000 0
DWIDTH 8 0
BBX 8 8 0 -1
BITMAP
00
00
76
7F
6B
6B
6B
00
ENDCHAR

Ni namba zetu zilezile, ila kwa mfumo wa kumi na sita. Ile −1 inaiambia kompyuta kwamba mstari wa mwisho uko chini ya pale herufi zinapokalia. Kutoka BDF kwenda TTF, faili la fonti la kompyuta za leo, natumia Bits'n'Picas, programu huria inayoacha pikseli zikiwa miraba. Usitumie chombo kinachofuatisha umbo kwa mikunjo. Kitakulainishia kona na fonti itaonekana kama imeyeyuka juani.

Mitego miwili hapa, yote niliingia. Spectrum haifuati ASCII, orodha ya kawaida ya namba za herufi, hadi mwisho: namba 96 kwake ni alama ya pauni, 127 ni alama ya hakimiliki, na 94 ni mshale wa juu. Kwenye BDF zipe namba zake za Unicode, orodha ya herufi inayotumiwa na kompyuta za leo: 163, 169 na 8593. Mtego wa pili ni alama ya ng' tena. Simu na programu za kuandikia huibadilisha kimyakimya kuwa ile iliyopinda, namba 8217. Kama fonti yako ina 39 peke yake, kompyuta itaazima alama kutoka fonti nyingine, na katikati ya ng'ombe wako wa miraba itatokea koma laini ya gazeti. Nakili umbo lilelile mahali pote pawili.

Waambie pia watumie ukubwa wa pikseli 8, 16, 24 na kuendelea kwa nane. Ukubwa wa 20 utaitia ukungu, na lawama utapewa wewe.

Hatua ya sita: iachie

Neno "bure" peke yake halitoshi. Mtu akikuta "bure" bila leseni hajui kama anaweza kuiweka kwenye mchezo anaouza, na mwenye busara ataiacha. Chagua moja kati ya mbili. SIL Open Font License, toleo la 1.1 la mwaka 2007, inaruhusu kutumia, kubadilisha na kufungasha ndani ya bidhaa ya kuuzwa, ila fonti yenyewe isiuzwe peke yake, na fonti zitakazozaliwa nayo zibaki chini ya leseni hiyohiyo. Ukipenda unaweza kulihifadhi jina, ili aliyeibadilisha aipe jina jingine. CC0 ni kuachia kila kitu. Mimi hutumia ya SIL kwa sababu ya lile jina tu: sitaki mtu aniletee malalamiko ya m ambayo sikuichora.

Ndani ya kifurushi weka faili la baiti 768, la TAP, la TTF, lile la BDF, maandishi kamili ya leseni, na picha moja ya fonti. Kwenye picha usiweke abechede peke yake. Weka sentensi ya mwalimu na ya ng'ombe. Maelezo ya kutumia yawe mistari miwili, hii ndiyo yangu:

CLEAR 63999: LOAD "" CODE
POKE 23607,249

Kabla ya kutangaza, pakua kifurushi chako mwenyewe kwenye kompyuta nyingine na uangalie ukubwa wa faili la herufi. Safari moja nilipeleka TAP iliyobadilishwa jina tu kuwa ch8. Aliyeipokea aliipakia kama fonti tupu, na zile baiti 24 za kichwa cha kaseti zikasukuma kila herufi nafasi tatu mbele. Akaandika "mama", skrini ikamwonyesha "j↑j↑".